Sulochana: Kutoka Anarkali hadi mamake Salim

Waulize wazee wetu wa pwani kuhusu Anarkali, kijakazi wa kasri aliyependwa na mwana wa mfalme Akbar. Wengi watakutajia Madhubala na Mughal-e-Azam ya 1960. Wachache watamkumbuka Bina Rai wa 1953. Lakini kabla ya hao wawili palikuwa na Anarkali mwengine, ambaye sauti yake haikusikika hata neno moja, na bado watu walijaa kumtazama. Jina lake la sinema lilikuwa Sulochana. Tusimchanganye na Sulochana Latkar aliyekuja baadaye, yule tuliyemzoea kama mama kwenye filamu nyingi za Kihindi.

Huyu wa kwanza alizaliwa Pune mwaka 1907 na kuitwa Ruby Myers. Asili yake ilikuwa jamii ya Mayahudi wa Baghdad waliohamia India. Alikuwa akijitafutia riziki kama opareta wa simu pale Mohan Bhavnani wa kampuni ya filamu ya Kohinoor alipomtaka aigize. Akakataa. Tusimshangae, kwani zama hizo mwanamke kuonekana kwenye sinema ilihesabiwa ni aibu. Dadasaheb Phalke alipotengeneza Raja Harishchandra mwaka 1913, alikosa mwanamke wa kuigiza, na nafasi ya malkia ikachukuliwa na mwanamume. Bhavnani hakuchoka kumbembeleza, na mwishowe Ruby akakubali, ingawa hakujua lolote kuhusu uigizaji.

Kupanda kwake kulikuwa kwa haraka. Mwaka 1926 alitokea katika Typist Girl, akiigiza msichana wa kisasa mwenye kazi yake, mfano wa alivyokuwa yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata, katika Wildcat of Bombay, aliigiza watu wanane tofauti, akiwemo mtunza bustani, polisi na muuza ndizi. Akiwa ameshahamia kampuni ya Imperial, mwaka 1928 zikatoka Madhuri na Anarkali. Ikawa hakuna jina la kike lililovuma kuliko lake. Inasimuliwa kuwa alilipwa rupia 5,000 kwa mwezi, na watu wakisema mshahara huo unampita hata Gavana wa Bombay.

Sinema bubu zilikuwa na rehema yake. Uso hauna lugha. Maneno machache yaliandikwa kwenye pazia, na aliyejua kusoma akamsomea jirani yake. Mtu wa Lahore na mtu wa Madras walimwelewa Sulochana sawasawa.

Tarehe 14 Machi 1931 mambo yakageuka. Siku hiyo Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, ilionyeshwa Bombay. Ilitengenezwa na Imperial, kampuni ile ile ya Sulochana, lakini nyota wake alikuwa Zubeida. Sasa watazamaji walitaka kusikia Kihindustani kilichonyooka, na Sulochana hakukimudu. Sura ilikuwa ile ile na umaarufu ule ule, lakini mlango umefungwa kwa sababu ya ulimi.

Hapa ndipo ninapompa heshima yake. Hakukaa kulia wala kulaumu. Aliacha kuigiza kwa muda wa mwaka mmoja hivi, akaketi kusoma lugha kama mwanafunzi. Mwaka 1932 akarudi na Madhuri, safari hii ikiwa na sauti. Mwaka 1935 akaigiza Anarkali tena, na sasa watu wakamsikia akisema. Pamoja na Dinshaw Billimoria, mwigizaji mwenzake aliyekuwa pia kipenzi chake, walipendwa mno. Akaanzisha hata kampuni yake mwenyewe, Rubi Pics.

Lakini wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mapenzi yake na Billimoria yalipokwisha, na ile jozi iliyojaza kumbi ikavunjika. Zikaja sura changa, zikaja sauti za waimbaji wapya. Miaka ya 1940 Sulochana alikuwa tayari akipewa nafasi za pembeni, yeye ambaye jina lake peke yake liliuza tiketi.

Mwaka 1953 ikatengenezwa Anarkali nyingine. Bina Rai akapewa nafasi ya Anarkali. Sulochana akaitwa kuigiza Jodhabai, mamake Salim. Hebu fikiria, ndugu msomaji. Hadithi ile ile uliyoibeba mara mbili, bila sauti na kwa sauti, leo unasimama kando ukimtazama binti mwengine akiwa wewe. Wengi wetu tungekataa kwa kiburi. Yeye alikubali, akafanya kazi yake. Akaendelea na nafasi ndogo ndogo hadi uzeeni, ikiwemo Khatta Meetha ya 1978.

Kwa mwaka 1973 alipewa tuzo ya Dadasaheb Phalke, iliyo kubwa kuliko zote katika sinema za India. Tuzo hiyo ina jina la yule mtu aliyekosa mwanamke wa kuigiza miaka 60 nyuma. Hata hivyo heshima hiyo haikurudisha zile siku. Mwezi wa Oktoba 1983 alifariki katika fleti yake Bombay, mpweke, mbali na zile shangwe.

Filamu nyingi bubu za India zimepotea, kwa hivyo wajukuu zetu huenda wasimwone Sulochana alipokuwa kileleni. Watakachokiona ni yule bibi wa nafasi ndogo, anayepita kwenye pazia kwa dakika chache, nao hawatajua aliwahi kuwa nani. Nasi tunao wazee wa namna hiyo mitaani mwetu, waliotuimbia na kutuchezea harusi zetu. Tuwapigie hodi wangali hai, kabla hatujaanza kuwasifu matangani.