Livingstone: kitabu juu ya mashini, na nyumba aliyoiacha

Hapa Maniema, jina la David Livingstone linajulikana juu ya soko ya Nyangwe. Lakini nyumba iliyomukomalisha tunaijua kidogo. Kwa sisi jamaa za mugodi, njo pale kuna somo.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 ku Blantyre, inchi ya Scotland. Wazazi na watoto wote waliishi mu chumba kimoja, mu nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Neil, baba yake, aliuzisha majani ya chai na kufundisha watoto Biblia siku ya Yenga. Feza ilikuwa kidogo, lakini vitabu vilikuwa. David akiwa na miaka 9, alisema Zaburi 119 yote bila kuangalia, wakamupa zawadi ya Agano Jipya.

Alipofika miaka 10 aliingia kiwandani, toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Sehemu ya mushahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha kujifunza Kilatini. Alikiweka juu ya mashini, akawa anasoma sentensi moja kila akipita. Usiku alienda masomo, na nyumbani alisoma tena mpaka mama alipomunyanganya kitabu ili alale.

Hata hivyo hawakusikilizana kila siku. Baba alipenda vitabu vya dini, mutoto alitaka vya safari na siyansi. Fimbo ya mwisho aliyopigwa ilikuwa juu ya kukataa kusoma kitabu cha Wilberforce juu ya maisha ya Kikristo. Baadaye kitabu cha Thomas Dick kilimuonyesha kama siyansi na imani si maadui. Hapo alipata njia yake: kuwa munganga na mutumishi wa Mungu.

Alifika Afrika ya Kusini 1841. Mu 1845 alimuoa Mary Moffat, binti wa wamisionere, ambaye alifundisha watoto ku Kolobeng. Lakini mu 1852 alimutuma Mary na watoto wane Uingereza, yeye akaendelea na safari. Mary aliteseka kule, bila nyumba yake mwenyewe. Akafa 1862 karibu na muto Zambezi. Robert, mutoto wa kwanza, alienda Marekani, akaingia vita kwa jina lingine, akafa mu gereza 1864, akiwa na miaka 18. Baba aliandika baadaye kama anajuta hakucheza na watoto wake: kila magaribi alikuwa amechoka sana.

Kwetu alikuja akiwa muzee mugonjwa. Ku Kabambare vidonda vya miguu vilimulaza miezi mingi, toka 1870 mpaka mwanzo wa 1871. Wakati alipokuwa Maniema, alisoma Biblia yote mara 4. Ku Nyangwe karatasi zilimuishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea. Juu ya zile karatasi njo aliandika mambo ya tarehe 15 Julai 1871: watu wa wafanyabiashara walipiga bunduki mu soko, wamama wengi wakafa, wengine wakazama mu Lualaba. Habari ile ilifika London, ikasaidia kufunga soko ya watumwa ya Zanzibar mu 1873. Mwaka ule ule, mwezi wa tano, Livingstone alikufa ku Chitambo, mu Zambia ya leo.

Ndugu zetu wa Namoya na Kalima, umasikini haukuzuia nyumba ya Blantyre kuwa masomo. Kitabu kimoja, saa moja ya usiku, na muzazi mwenye kuuliza vilitosha kuanza. Lakini yule aliyepata vile vyote kwa baba yake, watoto wake walivikosa, sababu hakukuwa nao. Makuta ya mugodi inanunua kitabu. Kukaa karibu na mutoto wakati anasoma, ile ni kazi yetu wenyewe tukirudia nyumbani.