Mzee Karume na Timu Ndogo

Vuga tunayoitaja leo siyo ile ya Mjini Unguja, bali ni makao ya kale ya Kimweri, juu ya milima ya Usambara. Huko kwenye miteremko, ardhi tambarare ni adimu, na timu isiyo na ligi huishi kwa michango ya washabiki wake. Kwa wale wanaoiona timu ya namna hiyo kuwa ni mchezo tu, twakumbusha maisha ya hayati Mzee Abeid Amani Karume.

Alizaliwa mwaka 1905, akawa baharia, kisha akaongoza wenye mashua za abiria bandarini Unguja. Alikuwa pia mwanachama wa African Sports, klabu ya mpira ya Ng'ambo. Humo wanyonge wasio na wa kuwasemea walizoea kuchagua viongozi, kutunza fedha za wenzao na kukubali kushindwa, jambo ambalo si jepesi. Miongoni mwao walitoka waasisi wa African Association, mwaka 1934. Mzee Karume aliongoza ASP tangu 1957, na Serikali ya Mapinduzi tangu Januari 1964 hadi alipouawa, tarehe 7 Aprili 1972.

Basi maofisa wanaopima ardhi milimani, kabla ya kuligawa eneo tambarare la kijiji, wawaite kwanza wachezaji na washabiki wao.