Mwana Kupona, Mgonjwa Aliyeagiza Wino

Katika kitivo chetu Mwana Kupona binti Msham husomwa kama mwalimu wa adabu za ndoa. Tunahesabu mizani, tunabishana kama alimnyima binti yake uhuru, kisha tunaingia kwenye mtihani. Nami nilimsoma hivyo, mpaka mwaka jana nilipomsindikiza mama mdogo kutoka Kabalo hadi Lubumbashi kutibiwa kansa ya titi. Nilikuwa nimebeba nakala ya utendi wake kwa ajili ya kazi ya darasa. Nilipousoma kando ya kitanda niliona jambo nililokuwa nimelipita: mtunzi alikuwa mgonjwa.

Alizaliwa Pate, kisiwa cha kaskazini mwa pwani ya Kenya ya leo, mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na Bwana Mataka, shehe wa Siyu, mji wa kisiwa hichohicho, ambaye kwa miaka mingi alikataa kutawaliwa na Sayyid Said, sultani wa Zanzibar. Kufikia 1858 alikuwa mjane mwenye watoto wawili: Mwana Hashima, binti yake, na mtoto wa kiume.

Mwaka huo ndipo alipotunga. Mwanzoni mwa utendi anaeleza kuwa maradhi yametimiza mwaka naye hajapata kusema na mwanawe. Kwa hiyo anamwita binti asogee, aketi, alete wino na karatasi.

Utendi una beti 102, kila ubeti vipande vinne vya mizani 8, na kipande cha nne hurudi daima kwenye kina kilekile. Darasani tulifundishwa kuwa umbo hili husaidia kumbukumbu. Kando ya kitanda niliona faida nyingine: kipande cha mizani 8 husemeka kwa pumzi moja. Mgonjwa anaweza kupumzika mwisho wa ubeti, na kina humrudisha alipokuwa. Sina ushahidi zaidi ya kumsikiliza mama mdogo akizungumza siku ya tatu baada ya kuwekewa dawa.

Mwana Kupona anamwahidi binti yake hirizi, kisha kidani cha lulu na marijani. Hapa mwanaisimu asimame kidogo. Katika lugha yetu kitenzi cha kupitisha shanga kwenye uzi na cha kubuni shairi ni kimoja: kutunga. Mama asiyejua kama ataiona harusi ya bintiye anamtungia pambo lisiloibika. Ndani yake ameweka radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, pamoja na usafi, ulimi mzuri na kuwakumbuka maskini. Mwishoni mawaidha yanageuka kuwa dua, naye anawakabidhi watoto wake kwa Mungu.

Alice Werner na William Hichens walipouchapisha 1934, waliupa jina la Kiingereza linalotaja wajibu wa mke. Nadhani tangu hapo wengi wetu tumeusoma kupitia jina hilo. Wajibu huo umo kweli, na ubishi wetu wa darasani ni halali. Lakini ningeomba tuanzie kwenye wino na karatasi, kwa sababu hapo ndipo yeye alipoanzia.

Mama mdogo alinisikiliza nikisoma kwa siku nne. Kisha akauliza kama mwanamke huyo alipona, maana jina lake ndilo linalosema hivyo. Nilitaka kumdanganya. Nikamwambia kuwa hakupona. Alifariki miaka michache baadaye. Alinyamaza muda mrefu, halafu akanituma kununua daftari na kalamu.

Matibabu bado yanaendelea. Ameshajaza kurasa 11 na hataki nizisome. Juu ya jalada ameandika jina la binti yake.