Fumo Liongo: Maisha ya Mfumbaji Aliyefumbuliwa

1.0 Utangulizi

Fumo Liongo anafahamika zaidi katika fasihi ya Kiswahili kama shujaa wa nguvu: mtu mrefu kupita kiasi, mpiga upinde asiyekosa shabaha, ambaye mwili wake haukupenyeka kwa mkuki wala mshale. Sifa hizo ni za kweli kwa mujibu wa masimulizi, lakini si kwa nguvu hizo alizookoka mara nyingi. Kila alipotegwa, mtego wenyewe ulikuwa wa akili, na kila alipojinasua alijinasua kwa akili. Maisha yake, yakitazamwa kwa makini, ni mfululizo wa mafumbo: moja la hesabu na mantiki, moja la lugha, moja la siri, na la mwisho la ukimya. Makala haya yanayasimulia maisha hayo kwa kufuata mafumbo hayo manne. Yanadai kwamba uhai wa fumbo hautegemei ugumu wake. Unategemea nani anayo haki ya kulijua jibu.

Kabla ya kuingia katika masimulizi, inafaa kulitazama neno lenyewe. Kitenzi fumba kina maana ya kukifunga kilicho wazi: mtu hufumba macho, hufumba mdomo, hufumba kiganja. Kikiongezwa kiambishi tenguzi -u- hupatikana fumbua, yaani kukirudisha katika uwazi kile kilichofungwa, kama ilivyo katika jozi za funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Jozi hii ya mwisho ina umuhimu wa pekee, kwa kuwa kitendawili hutegwa kama vile mtego wa mnyama unavyotegwa. Aidha, jina Fumo lisidhaniwe kuwa limetokana na shina hilo. Fumo ni neno la kale lenye maana ya mkuki, na pia ni jina la cheo cha mtawala. Kufanana kwa sauti ni sadfa tu.

2.0 Liongo na Zama Zake

Masimulizi yanamweka Liongo katika mwambao wa kaskazini wa Kenya ya leo, baina ya visiwa vya Lamu na maingilio ya mto Tana, katika miji ya Pate, Shaka na Ozi. Eneo hilo lina magofu mengi ya miji ya mawe. Mmoja wa miji hiyo, Ungwana, ulichimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman, na matokeo ya kazi yake yalichapishwa mwaka 1966. Wataalamu wametofautiana sana kuhusu wakati alioishi Liongo: wapo wanaomrudisha nyuma hadi karne ya 12 au ya 13, na wapo wanaomsogeza mbele hadi karne ya 16 au ya 17.

Habari zake zimetufikia kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni hadithi ya nathari iliyokusanywa Zanzibar na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870. Ya pili ni utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ambao Alice Werner aliushughulikia katika makala yake ya mwaka 1926 na ambao Mulokozi aliuhariri upya katika Tenzi Tatu za Kale mwaka 1999. Ya tatu ni nyimbo zinazonasibishwa na Liongo mwenyewe, ambazo nyingi zake huimbwa katika ngoma ya gungu. Njia hizi hazilingani katika kila jambo, lakini katika mafumbo makuu zinakubaliana kwa kiasi cha kutosha.

Chanzo cha uadui kilikuwa ni utawala. Mtawala wa Pate, ambaye mapokeo humtaja kwa jina la Mringwari, alikuwa jamaa wa karibu wa Liongo, na suala la nani kati yao alistahili kiti halikutulia. Umaarufu wa Liongo miongoni mwa watu wa mji na wa bara ulizidi kumtia mtawala hofu. Kumwua hadharani kulikuwa kumwasha mji mzima moto. Ikabidi itafutwe njia ambayo ingekifanya kifo chake kionekane kama sehemu ya mchezo.

3.0 Fumbo la Mkoma

Kwa mujibu wa utendi, Liongo alipokuwa amejitenga msituni, mtawala aliwashawishi Wasanye na Wadahalo, watu wawindaji, wajifanye marafiki zake. Marafiki hao walimwingiza Liongo katika kikoa. Kikoa ni utaratibu wa kula kwa zamu: kila mshiriki huwakirimu wenzake siku yake ifikapo, hata duru itimie. Baadaye walipatana kwamba duru ifanyike kwa matunda ya mkoma. Kila mmoja, kwa zamu, apande juu ya mti awaangulie wenzake. Mkoma ni mti mrefu wa jamii ya mnazi, na aliye juu yake hana pa kujificha wala mkono wa kushikia silaha. Zamu ya Liongo ikifika, walio chini wangempiga mishale.

Huu ni mtego wa kihesabu. Katika duru ya haki, idadi ya zamu ni sawa na idadi ya washiriki, na hapana zamu inayoweza kurudiwa kabla ya nyingine kwisha. Wakiwa watu ishirini, na kumi na tisa wakawa wamekwisha kupanda, jina la wa ishirini halihitaji kutajwa. Ubora wa hila hiyo ni kwamba haikuwa na dhuluma machoni pa mtu. Waliomtangulia walikuwa wamepanda kweli, na walikuwa wameshuka salama. Kukataa kungekuwa ni kuvunja kikoa, na kukubali kungekuwa ni kufa.

Liongo hakukataa wala hakukubali. Alichukua upinde wake akayapiga makoma kwa mshale kutoka chini, matunda yakaanguka, wenzake wakala. Zamu ikawa imelipwa. Alichokitambua ni kwamba sharti la kikoa lilikuwa ni kuwapatia wenzake matunda, na kupanda kulikuwa ni njia tu ambayo wote waliichukulia kuwa ni sehemu ya sharti. Mafumbo mengi ya mantiki hujengwa hivyo hivyo: mtegaji husema machache, na mtegwaji hujiongezea mwenyewe kizuizi kisichotajwa. Anayefaulu ni yule anayetenganisha lililosemwa na lililodhaniwa.

4.0 Fumbo la Gerezani

Hatimaye Liongo alikamatwa, akatiwa pingu na minyororo, akawekewa walinzi. Mamaye alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada. Walinzi walikila chakula kizuri na kumwachia mfungwa makombo. Hukumu ya kifo ilipokwisha kupitishwa, Liongo alimtuma Saada kwa mamaye. Ujumbe aliutia katika wimbo: utengenezwe mkate, na ndani yake iwekwe tupa ya kukatia chuma.

Imezoeleka kuelezwa kwamba wimbo huo ulikuwa na maneno ya fumbo ambayo walinzi hawakuyaelewa. Ukichunguzwa, maneno yake si magumu kiasi hicho, kwani mkate na tupa vimetajwa kwa majina yake. Kilichoufumba ujumbe ni mazingira yake. Mfungwa alikuwa malenga mashuhuri, na malenga kuimba si jambo la kutiliwa shaka. Mpokeaji alikuwa kijakazi, ambaye walinzi hawakumhesabu kuwa mtu wa kupewa siri. Kwa hiyo fumbo hili halikukaa katika msamiati. Lilikaa katika pengo baina ya kile walinzi walichotarajia kukisikia na kile kilichosemwa.

Mama naye alilifumba fumbo hilo kwa mara ya pili. Alioka mikate mizuri, pamoja nayo akaoka mkate wa wishwa, na tupa akaificha ndani ya huo wa wishwa. Walinzi walijichukulia mizuri, na mkate wa wishwa wakamtupia mfungwa. Tamaa yao, iliyokuwa imemtesa Liongo siku zote, ikageuzwa kuwa tarishi. Hesabu ya mama ilikuwa nyepesi na ya hakika: anayechagua kilicho bora kila siku atachagua kilicho bora na leo.

Ikabaki sauti ya tupa juu ya chuma. Liongo aliomba, kama haja yake ya mwisho, achezewe gungu nje ya gereza. Ombi likakubaliwa, na watu wakafurahi kufundishwa nyimbo na bingwa mwenyewe. Wakati ngoma, matari na matoazi vikirindima, yeye alikuwa akikata minyororo. Nyimbo za gungu zina desturi ya kufumba maana, na usiku ule gungu lilifumba pia mlio wa chuma. Minyororo ikakatika, Liongo akatoka.

5.0 Fumbo la Sindano

Baada ya hila za nje kushindwa, mtawala aligeukia ndani ya nyumba. Liongo alikuwa na mwana wa kiume. Kijana huyo alirairaiwa kwa ahadi ya cheo na ya kuozwa binti wa mtawala, akatumwa kwa babaye kuuliza swali moja: ni kitu gani kiwezacho kumwua?

Liongo alijibu: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni.

Hapa panahitaji kutuliwa. Mtu aliyeutambua mtego wa mkoma hakukosa akili ya kuutambua mtego wa swali hili, na mapokeo yanadokeza kuwa aliingiwa na shaka juu ya nia ya mwanawe. Hata hivyo alijibu. Swali halikuja kwa umbo la fumbo. Lilikuja wazi, kutoka kwa mtu ambaye kumnyima jibu ni kumkana. Kwa mtawala, kwa wawindaji na kwa walinzi, Liongo alikuwa na haki ya kufumba. Kwa mwanawe hakujiona kuwa nayo. Siri iliyokuwa na mjuzi mmoja ikawa na wawili, na wa pili alikwisha kununuliwa.

Kijana alipewa sindano. Alimngojea babaye alale, akamchoma kitovuni. Alichoahidiwa hakukipata, kwa kuwa aliyemwuza babaye hakuonekana wa kuaminiwa na yeyote.

6.0 Kisimani

Liongo aliamka kwa maumivu, akachukua upinde na mishale, akaenda hadi penye kisima cha mji. Hapo alipiga goti, akauvuta upinde, akakata roho akiwa katika hali hiyo. Watu waliokuja kuteka maji walimwona, wakakimbia. Siku zikapita, mji ukashikwa na kiu.

Hili ndilo fumbo lake la mwisho, na ndilo lisilo na neno hata moja: aliyepiga goti pale ni mzima au ni maiti? Jibu lilikuwa na pande mbili tu, lakini gharama ya kukosea haikuwa sawa. Aliyedhani yu hai, kumbe amekufa, alipoteza mtungi wa maji. Aliyedhani amekufa, kumbe yu hai, alipoteza roho. Kwa hesabu hiyo mji mzima ulichagua kiu. Mamaye ndiye aliyeombwa amwendee na kumbembeleza kwa nyimbo, na kwa siku kadhaa hata yeye hakuthubutu kumkaribia. Fumbo likafumbuka lenyewe mwili ulipoanguka. Kaburi linalonasibishwa naye huonyeshwa huko Ozi.

7.0 Hitimisho

Katika mchezo wa vitendawili, aliyeshindwa kutegua hutakiwa kutoa mji. Mtegaji huutaja anaoutaka, hupewa kwa maneno, kisha hutoa jibu, na mchezo huendelea bila ya mtu kupungukiwa na kitu. Katika maisha ya Liongo mji uliochezewa ulikuwa mji wa kweli, wenye kiti, watu na kisima. Mringwari alitega mara kadhaa na kila mara akateguliwa. Aliupata ushindi siku alipoacha kutega na kumtuma mtu wa kuuliza tu.

Kwa hiyo Liongo hakushindwa na fumbo lolote. Aliyatambua ya hesabu, aliyatunga ya lugha, na la ukimya aliliacha nyuma yake bila mtu wa kulijibu. Kilichomwua ni kutofumba pale ambapo ubaba ulimtaka awe wazi. Masimulizi hayamlaumu kwa hilo. Lawama yameiweka juu ya aliyeuliza, kwa kuwa jibu alilopewa kama mwana yeye alilipeleka kwa mtawala.