Lodwar: Mzee alipofungwa mdomo, kisha akawafunga wengine

UKIFIKA Lodwar, ulizia nyumba aliyozuiliwa Jomo Kenyatta. Bado ipo. Wengi wetu tunamjua Mzee wa vitabu vya shule. Huyu wa Turkana ndiye mwenye somo kwetu sisi tunaoshinda mtandaoni tukitoa maoni.

Kenyatta alikuwa mhariri kabla ya kuwa rais. Mwaka wa 1928 alihariri Muigwithania, gazeti la Kikuyu Central Association. Mkoloni alilipiga marufuku mwaka wa 1940, pamoja na chama chenyewe.

Oktoba 20, 1952, hali ya hatari ilitangazwa, na Kenyatta akakamatwa. Kesi ilipelekwa Kapenguria, mbali na macho ya Nairobi. Aprili 1953 alihukumiwa miaka saba na kazi ngumu kwa madai ya kuongoza Mau Mau. Akatupwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, ambako aliwapikia wafungwa wenzake.

Mkoloni alidhani jua na umbali vingezima sauti. Wapi! Mwaka wa 1958 wafungwa wa Lokitaung waliandika barua kuhusu mateso yao, na gazeti la Observer la Uingereza likaichapisha. Mwaka huohuo Rawson Macharia, shahidi mkuu wa Kapenguria, aliapa kuwa alihongwa ili aseme uongo. Kumbe kusema hivyo nako ni kosa: alishtakiwa, akafungwa.

Kifungo cha Kenyatta kilipoisha mwaka wa 1959, hakuachiliwa. Alihamishiwa Lodwar na kuzuiwa kuondoka. Machi 1961 viongozi wa KANU na KADU walimfuata hukohuko. Agosti mwaka huo akawa huru.

Hadithi ingeishia hapo, ingekuwa tamu. Lakini mwaka wa 1966, yeye akiwa rais, serikali ilipata tena nguvu za kisheria za kuzuilia watu bila kesi. Mwaka wa 1969 Oginga Odinga, aliyethubutu kumtetea bungeni mwaka wa 1958, alizuiliwa na chama chake cha KPU kikapigwa marufuku. Desemba 1977 ikawa zamu ya mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, baada ya tamthilia iliyoigizwa Kamirithu. Kenyatta alipofariki Agosti 22, 1978, Ngũgĩ alikuwa bado Kamiti.

Leo barabara hiyo ya Lodwar inakupeleka Kakuma. Mwaka wa 2008 wakimbizi wa kambi hiyo walianzisha gazeti lao, KANERE, wakaanza kuandika habari zao wenyewe badala ya kungoja wageni. Nayo Katiba ya 2010, Kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza.

Lakini karatasi haijilindi. Siku nyingine ukisikia mtu usiyempenda amekamatwa kwa alichoandika mtandaoni, usikimbilie kushangilia. Sheria ya kuziba midomo haijali chama wala kabila, na anayeishika leo kesho si yeye. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.