Imamu Bukhari: Miaka 16 ya Subira kwa Kitabu Kimoja

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.

Ndugu Waislamu, kila mwalimu wa madrasa anaifahamu hali hii. Mwezi wa kwanza wa masomo jamvi hujaa watoto mpaka wengine hukaa barazani. Baada ya miezi michache, jamvi huanza kuonekana rangi yake. Wanaofika mwisho wa msahafu huhesabika kwa vidole. Wala si watoto peke yao. Mtu mzima hunuia kujifunza Kiarabu, kumaliza deni au kudumu katika sala za usiku, huanza kwa hamasa, kisha huacha kimya kimya. Si kwamba watu hawa hawana akili au hawakuwa na nia. Wengine hutaka mavuno kabla ya msimu. Wengine huitazama kazi yote kwa siku moja wakaiogopa. Wengine hupungukiwa na fedha, na wengine huvunjwa moyo na maneno ya watu. Leo tumtazame mtu aliyekutana na mengi ya hayo, ambaye jina lake tunalisikia karibu kila Ijumaa katika hotuba.

Muhammad bin Ismail, anayejulikana kwa jina la Imamu Bukhari, alizaliwa mwezi 13 Shawwal mwaka 194 Hijria (810 Miladia) katika mji wa Bukhara, ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistan. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mcha Mungu aliyewahi kusoma hadithi kwa wanazuoni wakubwa. Alifariki mwanawe akiwa bado mdogo. Mama akabaki na mayatima. Wapokezi wanasimulia kwamba mtoto huyu alipoteza uwezo wa kuona utotoni, na mama yake akakithirisha dua na kilio mbele ya Mola wake mpaka macho yakarejea. Basi kabla hatujamtaja Imamu kwa subira yake, tumtaje kwanza mama huyu aliyedumu katika kuomba.

Alianza kuhifadhi hadithi akiwa na umri wa karibu miaka 10. Mwaka mmoja baadaye, katika darsa moja pale Bukhara, alimsikia mwalimu akikosea jina katika silsila ya wapokezi. Akamsahihisha. Mwalimu akamkemea, lakini kijana hakunyamaza wala hakuvunja adabu, bali alimwomba arejee katika kitabu chake cha asili. Mwalimu akaingia ndani, akatazama, akatoka na kuchukua kalamu akasahihisha. Hapa wazazi na walimu tuna somo letu. Mtoto anayekatizwa kila anapouliza hujifunza kuacha, na aliyesikilizwa hujifunza kuendelea.

Alipotimiza miaka 16 alikwenda Hija pamoja na mama yake na ndugu yake Ahmad. Ibada ilipokwisha, wao wakarejea nyumbani, naye akabaki Hijazi kutafuta elimu. Akiwa na miaka 18 alikuwa Madina akiandika kitabu chake kikubwa cha historia ya wapokezi wa hadithi, na usiku wa mbalamwezi aliandika kwa mwanga wa mwezi. Kisha akasafiri Sham, Misri, Basra, Kufa, Baghdad na miji ya Khurasani. Masheikh aliochukua hadithi kwao walizidi 1,000.

Safari hizo hazikuwa za starehe. Akiwa Basra, wanafunzi wenzake walimkosa darasani kwa siku kadhaa. Walipomwendea walimkuta amejifungia chumbani kwa kukosa nguo ya kujisitiri, kwani fedha zilikuwa zimemwishia. Wakachangishana wakamnunulia nguo, naye akarejea kuandika pamoja nao. Safari nyingine, alipokwenda kwa sheikh wake Adam bin Abi Iyas, fedha zake zilichelewa kumfikia, akala majani ya ardhini wala hakumwambia mtu, mpaka siku ya tatu alipojiwa na mtu asiyemjua akampa kifuko cha dinari. Ndugu msomaji, uhaba ni sababu ya kweli ya watu kuacha masomo, nasi tusiwabeze wanaoacha kwa ajili yake. Tujiulize badala yake: nani kati yetu amewahi kumfuata mwanafunzi asiyeonekana darasani, kama walivyofanya wale vijana wa Basra?

Siku moja katika majlisi ya sheikh wake Ishaq bin Rahwayh, likatajwa wazo la kukusanya kitabu kifupi cha hadithi sahihi za Mtume (S.A.W.) peke yake. Wazo hilo likamwingia moyoni. Wengi walilisikia, mmoja akalifanya kazi ya maisha.

Kazi hiyo ilimchukua miaka 16. Alichagua kutoka katika hadithi zipatazo 600,000, idadi inayohesabu njia mbalimbali za upokezi, hata kama maneno ni yale yale. Alizozichagua na kuziingiza ni 7,000 na ushei pamoja na zilizokaririwa. Kabla ya kuandika kila hadithi alikuwa akioga na kusali rakaa mbili za istikhara. Mwandishi wake aliyesafiri naye alimwona katika usiku mmoja akiamka mara 15 hadi 20, kila mara akiwasha taa, akitia alama katika hadithi, kisha akilala tena.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Ukizigawa hadithi hizo kwa siku za miaka 16, unapata kidogo zaidi ya hadithi moja kwa siku. Moja tu! Anayetazama juzuu za Sahihi Bukhari kabatini huogopa akidhani ni kazi ya jitu. Kumbe ni kazi ya mja aliyeifanya sehemu ya leo kwa ukamilifu, akalala, akaamka kuifanya ya kesho. Anayeshindwa kuhifadhi Qur'ani mara nyingi hakushindwa na Qur'ani, bali alishindwa na haraka yake mwenyewe.

Mtihani mkubwa zaidi ulimngoja uzeeni. Mwaka 250 Hijria aliingia Naisaburi, na watu wakatoka kumlaki kwa shangwe. Haukupita muda, ikazuka khitilafu juu ya masala ya matamshi ya msomaji wa Qur'ani. Sheikh mkubwa wa mji, Muhammad bin Yahya Dhuhli, akawakataza watu kuhudhuria kwake. Majlisi iliyokuwa ikifurika ikapukutika, na katika wanafunzi waliotajwa kubaki naye alikuwamo Muslim bin Hajjaj, mwenye Sahihi Muslim. Imamu akauacha mji. Lakini tazama uadilifu wake: hadithi alizozipokea kwa Dhuhli alizibakisha kitabuni mwake, kwa sababu mtu huyo alikuwa mkweli katika upokezi. Hakuiacha chuki iharibu amana.

Akarejea Bukhara. Huko nako gavana akamtaka aende kumsomesha ikuluni, kisha akataka watoto wake wafanyiwe darsa ya peke yao, wasichanganyike na watu. Imamu akakataa yote mawili, kwani elimu haimbagui mtoto wa mnyonge. Akafukuzwa katika mji aliozaliwa. Akaenda kwa jamaa zake katika kijiji cha Khartank karibu na Samarkand. Imepokewa kwamba usiku mmoja, baada ya sala, alimwomba Mwenyezi Mungu amchukue kwake, maana ardhi pamoja na upana wake ilikuwa imemwia finyu. Haukutimia mwezi, akafariki usiku wa kuamkia Idi ya Mfungo Mosi mwaka 256 Hijria (870 Miladia), akiwa na umri wa miaka 62 kasoro siku 13.

Hapa ndipo penye funzo ambalo wengi hulikosa. Hata Imamu Bukhari alichoka, na kuchoka si kushindwa. Aliiacha miji miwili, lakini hakuliacha lengo lake. Mara ngapi sisi tunafanya kinyume chake? Tukiudhiwa na mwalimu mmoja tunaacha elimu yenyewe, na tukikosana na watu wa msikiti mmoja tunaacha jamaa. Mlango mmoja ukifungwa, badilisha mlango, usibadilishe nia.

Tena, hakuishi kuyaona matunda yote. Aliyekuwa akifukuzwa mji hadi mji hakujua kwamba mwanafunzi wake Firabri angekisomesha kitabu kile kwa miaka mingi baada yake, mpaka kikafika kila pembe ya dunia.

Basi leo, mzazi, kaa na mwanao baada ya Alasiri. Usimuulize lini atahitimu, muulize aya moja ya leo. Kesho muulize nyingine.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Bukhari, atujaalie uthabiti katika kheri tulizozianza, na atusamehe zile tulizoziacha. Amin. Wabillahi tawfiq.