Mwindaji Aliyesimamishwa na Kulungu



Tarehe 2 Novemba Kanisa huwaombea marehemu wote. Kesho yake, tarehe 3, wengi wetu humkumbuka Mtakatifu Martin de Porres. Lakini huko Ubelgiji na nchi jirani, siku hiyohiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Hubert, msimamizi wa wawindaji, na watu hupeleka mikate, farasi na mbwa wao wakabarikiwe. Leo nataka nikusimulie maisha yake, wewe mume na wewe mke. Najua kwamba hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na huenda hujawahi kushika mkuki maishani mwako. Lakini soma mpaka mwisho, utaona kwa nini nimemleta katika ukurasa wa ndoa.

Hubert alifariki mwaka wa 727, yaani karibu miaka 1300 iliyopita. Mapokeo yanasema alizaliwa katika ukoo wa makabaila wa Aquitaine, sehemu ya kusini-magharibi ya Ufaransa ya leo. Alipokuwa kijana alisafiri kwenda kaskazini, akapokelewa vizuri katika nyumba ya Pepin wa Herstal, mtu aliyekuwa na nguvu kuliko mfalme mwenyewe katika nchi ya Wafranki. Huko akamwoa Floribanne, binti wa kabaila wa Louvain. Wakajaliwa mtoto wa kiume, wakamwita Floribert.

Hubert hakukosa kitu. Alikuwa na cheo, mali, mke na mtoto. Lakini moyo wake ulikuwa msituni. Karibu na huko kuna msitu mkubwa uitwao Ardennes, na ndani yake kulikuwa na kulungu wengi. Usifikirie kulungu wetu wa vichakani. Huyu ni mnyama mkubwa wa Ulaya, ambaye baadhi ya Biblia zetu humwita ayala. Dume lake lina pembe zenye matawi kama mti uliopukutisha majani, na kila mwaka pembe hizo hudondoka na kuota upya. Kumpata dume mwenye pembe kubwa kulikuwa sifa kwa mwindaji. Basi Hubert alitoka na farasi na mbwa wake, akamaliza siku nyingi huko.

Hapa wasimulizi wanaachana njia. Wengine husema kwamba Floribanne alifariki akimzaa Floribert, na Hubert kwa uchungu akaukimbia ulimwengu, akajitupa katika uwindaji. Wengine husema kwamba wakati huo mkewe alikuwa bado hai, akifariki baadaye. Mimi sitawaamua, kwa maana nyumba zote mbili nazijua. Ziko katika jumuiya zetu. Kuna nyumba ambayo msiba umeingia na mtu hawezi tena kukaa ndani yake. Na kuna nyumba ambayo mke yu hai, chakula kimefunikwa mezani mpaka kimepoa, na mwenye kukila hajulikani atarudi saa ngapi.

Niruhusu nikwambie jambo langu. Miaka kadhaa iliyopita, mimi na mke wangu tulimpoteza mtoto wetu wa pili. Baada ya mazishi nilijiingiza katika kazi za kigango kwa nguvu zangu zote. Kila jioni nilikuwa na mkutano, kila Jumamosi na mafundisho. Watu walinisifu kwa bidii yangu. Nyumbani mke wangu alikuwa akilia peke yake. Sikuwa mlevi wala mzinzi, nilikuwa katekista. Lakini nilikuwa nimekimbia kama Hubert, ila msitu wangu ulikuwa kanisani.

Sasa tumrudie Hubert. Siku moja, wasema wasimulizi, ilikuwa Ijumaa Kuu. Waamini walikuwa wanamiminika kanisani kukumbuka mateso ya Bwana. Hubert alitandika farasi, akawaita mbwa, akaingia msituni. Akamwona kulungu dume mzuri kuliko wote aliowahi kuwaona, akamfukuza. Walikimbia kwa muda mrefu. Kisha kulungu huyo akafanya jambo ambalo mnyama anayewindwa halifanyi. Akasimama, akageuka, akamtazama mwindaji. Katikati ya pembe zake Hubert akaona msalaba wenye sura ya Kristo. Akasikia sauti ikimwonya kwamba asipomgeukia Bwana atapotea milele. Hubert akashuka kwenye farasi, akaanguka kifudifudi, akauliza ni nini anachotakiwa kufanya. Akaagizwa aende kwa Lambert, askofu wa Maastricht.

Angalia mambo mawili hapa, ndugu msomaji. Kwanza, kwa miaka mingi Hubert alikuwa amewatazama kulungu bila kuwaona. Aliona nyama, aliona pembe za kujivunia. Siku ile kwa mara ya kwanza aliona kiumbe, na nyuma ya kiumbe akamwona Muumba. Mkuki ukakosa kazi mkononi mwake. Je, si ndivyo inavyotokea hata kwetu? Mtu anaweza kuishi na mwenzake miaka 15, akiona mpishi, akiona mleta mshahara, asimwone mtu.

Pili, Hubert hakubaki msituni akifurahia maono yake. Alikwenda kutafuta mshauri. Lambert alimpokea kwa upole, akamwongoza. Mapokeo ya baadaye husema kwamba Lambert alikuwa na ujasiri wa kumkemea Pepin, yule mkuu aliyekuwa na mke wake Plectrude, kwa sababu ya kukaa na mwanamke mwingine aitwaye Alpaida. Alipouawa huko Liège karibu mwaka wa 705, wengi waliamini kwamba aliuawa kwa kuitetea ndoa. Hubert, basi, alifundishwa na mtu ambaye hakuwaogopa wakubwa neno la ndoa lilipohusika.

Floribanne alipokuwa amefariki, Hubert aliacha vyeo vyake vya kijeshi na haki yake ya urithi. Mali yake aliwagawia maskini. Mtoto Floribert alimkabidhi kwa ndugu yake amlee, kisha akaingia katika masomo ya upadre. Msomaji mwenye ndoa, hapo usimwige bila kufikiri! Hubert alikuwa mgane, yaani mume aliyefiwa. Wewe ambaye mwenzako yu hai, Mungu hakuiti uiache nyumba ili umtumikie. Kwako nyumba ndiyo kanisa la kwanza.

Lambert alipouawa, Hubert aliwekwa kuwa askofu mahali pake. Aliuhamisha mwili wa mwalimu wake kutoka Maastricht, akaupeleka Liège alikouawa, akajenga kanisa hapo. Makao ya askofu nayo yalihamia huko, na Liège, iliyokuwa kijiji, ikakua mpaka ikawa mji mkubwa. Ndiyo maana watu wa huko humhesabu Hubert kuwa mwanzilishi wa mji wao.

Lakini kazi iliyomletea heshima zaidi ni nyingine. Alirudi katika msitu wa Ardennes. Katika vijiji vyake walikuwamo watu wengi ambao bado waliabudu sanamu. Askofu Hubert aliwafuata humohumo msituni, akawahubiria na kuwabatiza. Njia alizozijua kwa kufukuza kulungu, sasa alizitumia kutafuta watu. Alipofariki tarehe 30 Mei 727, aliyemfuata katika kiti cha uaskofu wa Liège alikuwa Floribert, mwana wake. Mtoto yule hakupotea.

Nisingependa kukuficha jambo. Kitabu cha kwanza cha maisha ya Hubert kiliandikwa na mtu aliyemfahamu, muda mfupi baada ya kifo chake, na ndani yake hakuna kulungu. Habari ya kulungu mwenye msalaba ilisimuliwa kwanza juu ya Mtakatifu Eustakio, askari wa Kirumi, nayo ikaunganishwa na Hubert baada ya karne nyingi. Kanisa halikulazimishi uiamini kama unavyoiamini Injili. Ni hadithi ya wacha Mungu. Lakini kwamba Hubert aliishi, alikuwa na mwana, na akawa mchungaji wa watu wa msituni, hayo ni ya historia.

Na hadithi hiyo imezaa matunda. Wawindaji wengi wa Ulaya wanaomheshimu Hubert wana desturi wanazosema zimetoka kwake. Mwindaji asipige kama hana hakika kwamba mnyama atakufa upesi bila kuteseka. Akimkuta mnyama mgonjwa au aliyejeruhiwa, ammalizie maumivu huyo kwanza, hata kama dume wa kujivunia amesimama karibu. Na asimuue kamwe jike mwenye mtoto, ili mtoto asibaki bila mama. Kila nikiikumbuka desturi hii ya mwisho, humfikiria Floribert, ambaye alibaki bila mama. Ni kama baba yake hatimaye alijifunza kumtazama kulungu jike kwa macho ya mtu aliyeshika kichanga kisicho na wa kukinyonyesha.

Basi wewe msomaji, msitu wako ni upi? Kwa mmoja ni klabu ya pombe, kwa mwingine ni mpira na kamari ya simu. Kwa mama mwingine ni chama na biashara ya sokoni mpaka usiku. Na kwa wengine, kama nilivyokuwa mimi, ni kazi njema kabisa ambayo hakuna wa kuilaumu. Usiulize tu kama jambo hilo ni dhambi. Kuwinda kwenyewe hakukuwa dhambi. Uliza kama unaliendea, au unalitumia kukimbia kitu kilichoko nyumbani.

Mimi sikuona kulungu. Nilirudi usiku mmoja kutoka mkutanoni, nikamkuta mke wangu ameketi gizani akiwa ameshika shati dogo la mtoto. Hakunilaumu. Alinitazama tu. Nilielewa kwamba nilikuwa nimesimamishwa. Niliweka vitabu vyangu chini, nikaketi kando yake, tukalia pamoja kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Wiki iliyofuata tulikwenda wote wawili kwa wazee wa ndoa wa jumuiya yetu, nami nikamwomba Padre anipunguzie zamu.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Jioni ya leo, baada ya sala ya familia, zimeni redio na simu, ketini wawili. Kila mmoja amwambie mwenzake msitu wake ni upi, na mwingine asikilize bila kukatiza. Mkishindwa, msione haya kutafuta Lambert wenu: Padre, wazee wa ndoa, au wanandoa mnaowaamini.

Mtakatifu Hubert awaombee, na Mungu azibariki nyumba zenu.